Kuchagua Pikipiki ya Kwanza: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Kuendesha

Pikipiki yangu ya kwanza niliichagua kwa macho. Ilikuwa ya aina ile ya porini, yenye kiti cha juu, tairi za meno makubwa na injini ya sentimita za ujazo 200, ilhali mimi nina urefu wa sentimita 163. Siku ya tatu nilisimama kwenye makutano ya barabara mjini Morogoro, mahali ambapo ukingo wa lami umemegeka na kushukia kwenye changarawe. Nikaitafuta ardhi kwa mguu wa kushoto, nikaikosa, na pikipiki ikalala juu ya mguu wangu hali haikuwa hata na mwendo. Kilichoniuma kuliko goti ni kwamba sikuweza kuinyanyua peke yangu. Vijana wawili wa bodaboda waliegesha za kwao wakaja kuniinulia.

Tangu hapo nimewasindikiza ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu wengi kwenda kununua pikipiki zao za kwanza, na kila mara naanza na swali lile lile: je, utaimudu ikiwa imesimama, na ikiwa inakwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu? Anayeanza huangukia getini, kwenye foleni, kwenye tope la mbele ya duka, au anapogeuza njia nyembamba. Pikipiki inayomshinda katika mwendo huo mdogo itamshinda pia siku atakapohitaji kukwepa gari. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa kufuata swali hilo, na mifano yangu mingi ni ya Tanzania kwa kuwa ndiko ninakoendesha.

Hatua ya kwanza: jifunze kabla ya kununua

Watu wengi hununua kwanza, kisha hujifunza kwa pikipiki mpya katika uwanja wa shule siku ya Jumapili. Mpangilio huo unaharibu pikipiki, na tena unamfanya mtu achague kabla hajajua anachokichagua. Tafuta mafunzo kwanza, iwe katika chuo cha VETA kinachofundisha udereva au katika shule ya udereva iliyosajiliwa, ukiwa na leseni ya kujifunzia. Usikubali kuitwa umehitimu kabla hujaweza kufanya mambo manne bila kubabaika: kuondoka kwenye mlima bila kurudi nyuma wala kuzima injini, kugeuza kwenye njia nyembamba bila kuweka mguu chini, kwenda polepole kabisa kwa kuchezesha klachi huku ukiwa umenyooka, na kusimama ghafla kwa breki zote mbili.

Jambo hilo la nne nalisisitiza, kwa sababu wapo wanaofundishwa kwamba breki ya mbele ni ya hatari na wasiiguse. Unapofunga breki, sehemu kubwa ya uzito wa pikipiki na wa dereva husogea mbele. Tairi la mbele hukandamizwa chini likashika barabara vizuri zaidi, na la nyuma huwa jepesi. Anayetumia breki ya nyuma pekee huliona tairi la nyuma likiburuzika huku pikipiki inaendelea kwenda. Breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, mradi uikamue taratibu kwa vidole kama anayekamua ndimu, usukani ukiwa umenyooka. Kwenye kona yenye mchanga, tahadhari ni ya kweli. Mahali pengine pote, mkono wa kulia ufundishwe kazi yake. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho unaoruhusiwa katika makazi ya watu, unapita karibu mita 14 kila sekunde, na mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne.

Hatua hii inagusa pia leseni. Kwa mgawanyo unaotumika Tanzania, daraja A ni la pikipiki ambazo injini yake inazidi sentimita za ujazo 125, daraja A1 ni la zilizo chini ya hapo, na A3 ni la vipikipiki visivyozidi 50. Anayenunua pikipiki ya 150 huku leseni yake ikiwa ya daraja la chini ataendesha kinyume cha sheria, na siku ya ajali kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukataa kumlipa. Amua ukubwa na daraja kwa pamoja.

Hatua ya pili: itazame njia yako kwa siku saba

Chukua daftari, na kwa wiki moja uandike safari ulizofanya na ambazo ungezifanya kwa pikipiki: kilomita ngapi, lami au vumbi, tambarare au milima, peke yako au umempakia mtu, na umebeba nini. Orodha hiyo itakushauri vizuri kuliko muuzaji yeyote. Mwalimu anayeishi kilomita 6 kutoka shuleni kwake katika mitaa ya Dodoma hana mahitaji ya bwana shamba anayezungukia vijiji vya Njombe wakati wa masika.

Miinuko ina hesabu yake ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Injini hupumua hewa, na kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari hewa huwa nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo pikipiki ya 100 iliyokuwa hodari mjini Tanga inaweza kuwa nzito kupita kiasi ikifika Njombe au Makete, zilizo katika nyanda za juu za karibu mita 2,000, hasa ikiwa na abiria na gunia la viazi. Fundi anaweza kurekebisha kabureta ili mchanganyiko wa petroli ufae hewa hiyo, lakini nguvu iliyopotea haiwezi kurudi yote. Kwenye milima ya namna hiyo, 125 ndiyo iwe chini kabisa, na anayepakia kila siku achukue 150.

Wa pwani wana shida nyingine. Chumvi ya hewani Zanzibar, Tanga, Mombasa na Lamu hula spoku, cheni, boliti na bomba la moshi. Ukiwa huko, chagua pikipiki yenye kifuniko kamili cha cheni ikiwezekana, na rimu za aloi badala ya spoku za chuma, kisha uzoee kuiosha kwa maji ya bomba. Mtu wa vumbi na makorongo afanye kinyume kwenye rimu: spoku huvumilia mishtuko ya mashimo, na fundi wa kijijini huweza kuzinyoosha, ilhali rimu ya aloi ikipasuka ni ya kununua nyingine.

Hatua ya tatu: pima mwili wako na pikipiki

Hapa usione haya. Nenda dukani umevaa viatu utakavyoendeshea, umwombe muuzaji ruhusa, uipande pikipiki ikiwa imezimwa. Pikipiki nyingi za kazi, kama vile Boxer na TVS HLX, zina kiti kilicho karibu sentimita 80 kutoka ardhini, na za porini huwa juu zaidi. Hata hivyo usitegemee namba pekee, kwa sababu kiti chembamba humruhusu mtu mfupi kuteremsha miguu wima, na kiti kipana humpanua mapaja hata nyayo zikakosa ardhi. Kwa pikipiki ya kwanza nataka nyayo za miguu yote miwili zikanyage chini, au angalau sehemu yote ya mbele ya miguu yote miwili huku magoti yakiwa na nafasi ya kukunjika. Mwenye uzoefu huweza kuishi na mguu mmoja. Anayeanza asijiweke kwenye mtihani huo.

Ukiwa umekaa, inamisha pikipiki kidogo kushoto, uirudishe, kisha uinamishe kulia. Sikiliza mahali ambapo uzito unaanza kukuvuta. Shuka, ushike usukani, uisukume mbele na nyuma hatua kumi, uigeuze ilikotoka, halafu uiweke kwenye stendi ya katikati bila kusaidiwa. Pikipiki za kazi za 100 hadi 150 zina uzito wa kilo 100 hadi 125 hivi, na nyingi za 250 hupita kilo 140. Tofauti hiyo haionekani barabarani, ila huonekana kila siku unapoitoa uani asubuhi. Ninayemsindikiza akishindwa kuiweka kwenye stendi ya katikati baada ya kuelekezwa namna ya kuukanyaga mguu wa stendi na kuinua kwa wakati mmoja, huwa namwambia tuondoke twende kwenye duka jingine, hata kama ameipenda rangi.

Mikono nayo ipimwe. Kamata mkono wa klachi na ule wa breki kwa vidole viwili, kisha vinne, mara ishirini mfululizo. Ikiwa kiganja kinachoka ndani ya duka, foleni ya Mbagala itakumaliza. Dada mmoja niliyemsindikiza alikuwa na vidole vifupi, na tatizo lake lilikwisha kwa fundi kulegeza waya wa klachi kidogo na kuushusha mkono wa breki upande wa chini. Kwa hiyo uliza kwanza kinachoweza kurekebishwa kabla ya kuikataa pikipiki nzuri.

Hatua ya nne: injini na aina

Namba inayotajwa dukani, yaani 100, 125 au 150, ni ujazo wa injini kwa sentimita za ujazo, na mara nyingi imekadiriwa. Boxer ya 150, kwa mfano, ina 144.8. Maoni yangu ni kwamba 125 ndiyo inayowafaa wengi wanaoanza. Ile ya 100 inatosha kwa mtu mmoja mjini kwenye tambarare, na petroli yake ni kidogo kweli. Ya 150 ina sababu yake kwa milima na abiria. Kuanzia 200 kwenda juu, mkono wa mafuta ukivutwa kwa bahati mbaya, pikipiki inaruka mbele kwa nguvu ambayo mkono wa mwanafunzi haujazoea kuizuia. Subiri mwaka mmoja.

Kuna historia inayosaidia kuelewa zilizopo sokoni. Honda iliwahi kuona kwamba pikipiki zake za 125 zilikuwa zikifa mapema katika nchi nyingi za Asia na kwingineko, kwa sababu watu walizipakia kupita kiasi na hawakubadilisha oili kwa wakati. Wahandisi wake wakasafiri kujionea, wakarudi wakatengeneza CG125, iliyotoka mwaka 1976, ambayo valvu zake, yaani vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, husukumwa na vijiti badala ya kutegemea cheni ya ndani inayohitaji oili safi na kukazwa. Mchoro huo ulienea hadi China, na injini nyingi za Kichina za 125 na 150 zinazouzwa Afrika Mashariki ni wajukuu wake. Injini ya namna hiyo hutetema zaidi na haipendi mwendo mkali, lakini huvumilia makosa ya mwanafunzi, na fundi yeyote mwenye kisanduku cha spana anaijua. Injini za kisasa za Kihindi huwa laini zaidi na hunywa petroli kidogo, ila zinadai oili sahihi kwa wakati.

Usipuuze pia aina ndogo zenye gia lakini zisizo na mkono wa klachi, ambazo chimbuko lake ni Honda Super Cub ya mwaka 1958, pikipiki ambayo kufikia 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100. Ni nyepesi, miguu hupita kwa urahisi hata ukivaa gauni au kanzu, na mwanafunzi anabaki na jambo moja pungufu la kufikiria. Tahadhari ni moja: katika baadhi yake gia huzunguka, maana ukiwa kwenye gia ya mwisho ukakanyaga tena unarudi kwenye gia huru, kisha kwenye ya kwanza. Muulize muuzaji mpangilio wa gia, uujaribu pikipiki ikiwa kwenye stendi.

Skuta zisizo na gia zinafaa sana kwa lami ya mjini, na magurudumu yake madogo hayafai kwa makorongo. Pikipiki za umeme hazina klachi wala gia, hivyo ni rahisi kuzijifunza, na mahali kama Kigali ambako zipo stesheni za kubadilishia betri zina maana kubwa. Nje ya miji yenye huduma hiyo, hesabu umbali wa kwenda na kurudi kwa betri moja kabla ya kutoa fedha.

Hatua ya tano: anza kwa fundi, umalizie kwa muuzaji

Tembea katika eneo lako, utafute mafundi watatu wa pikipiki, na uwaulize kila mmoja swali moja: ni pikipiki gani zinazokuja hapa kila siku, na spea zake zinapatikana wapi? Kisha nenda kwenye duka la spea lililo karibu nawe, siyo la Kariakoo, uulizie vitu vitano vya modeli unayoifikiria: waya wa klachi, pedi au viatu vya breki, seti ya cheni na sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni), plagi, na sahani za klachi. Vikipatikana vyote kwa siku moja, pikipiki hiyo itakaa barabarani. Ukiambiwa viagizwe mkoa mwingine, fahamu kwamba waya wa klachi ukikatika Jumatatu utapanda daladala hadi Alhamisi. Kwa sababu hiyo modeli iliyojaa mitaani kwenu, hata ikiwa haikuvutii, ina faida ambayo modeli adimu ya kupendeza haiwezi kuilipa.

Hatua ya sita: mpya, au iliyotumika?

Ikiwa fedha zinatosha, nashauri mpya kwa asiyejua injini. Ikiwa hazitoshi, iliyotumika ni chaguo la heshima, ila kuna kundi moja la kuliangalia kwa makini: pikipiki zilizomaliza mkataba wa bodaboda. Chukua kilomita 100 kwa siku, kwa siku 300. Hizo ni kilomita 30,000 kwa mwaka, zikiwa na abiria mgongoni. Kibao cha kilomita hakitakuambia ukweli, kwa sababu waya wake hukatika na kuachwa hivyo kwa miezi. Tazama vitu ambavyo havidanganyi: mpira wa pedali ya gia uliolika hadi chuma, mipira ya mikono iliyolainika kama sabuni, matundu ya vikanyagio vya abiria yaliyopanuka, na chuma cha pedali ya breki kilichong'aa. Pikipiki inayosema kilomita 8,000 huku mpira wa gia umekwisha imekwenda mbali zaidi.

Mpeleke fundi wako, umlipe kwa muda wake, na hakikisha hana undugu wa kibiashara na muuzaji. Mwambie muuzaji mapema kwamba utakuja asubuhi na injini isiwashwe. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, mtu ameipasha ili kuficha ugumu wa kuwaka. Kaa, zungumza, subiri ipoe. Mimi niliwahi kuipuuza dalili hiyo, nikanunua pikipiki iliyowaka kwa pigo moja mchana ule, na kesho yake alfajiri nikapiga kiki mpaka jasho likanitoka.

Injini ikiwa baridi, fungua kijiti cha kupimia oili, uipake oili kidogo kati ya vidole viwili kwenye mwanga wa jua. Weusi peke yake si kosa. Vimulimuli vya chuma vinavyong'aa ni ishara ya kitu kinachosagika ndani, na rangi ya chai ya maziwa ina maana maji yameingia. Kisha kandamiza kiki polepole kwa mkono, swichi ikiwa imezimwa: mguu wa kiki unatakiwa ukatae mahali fulani, uwe mgumu, ndipo upite. Ukishuka wote bila upinzani, ringi au valvu zimechoka, na injini itafunguliwa kwa gharama yako.

Iwashe, usimame nyuma. Mvuke mweupe kidogo asubuhi yenye baridi ni wa kawaida na hupotea. Moshi wa bluu usiokoma unaonyesha inakula oili. Moshi mweusi wenye harufu ya petroli mara nyingi ni kabureta au kichujio cha hewa kilichoziba, na hilo ni la kurekebishika. Kwa sauti, kelele nyembamba ya tiki-tiki juu ya injini huwa ni tapeti, yaani visukumio vya valvu, zinazohitaji kupimwa. Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini, unaoongezeka ukivuta mafuta, ni wa kukufanya umshukuru muuzaji na kuondoka.

Sasa chini. Shika cheni upande wa nyuma kabisa wa sproketi kubwa, uivute kuelekea kwako. Ikijitenga na kuonyesha nusu ya jino, seti nzima imekwisha, na meno yaliyochongoka kama ya papa yanasema vivyo hivyo. Pikipiki ikiwa kwenye stendi ya katikati, mtu mmoja akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liinuke, nawe ugeuze usukani taratibu kwa kidole kimoja: ukihisi kama unatumbukia kwenye kishimo katikati, gololi za shingo zimelika. Tikisa gurudumu la nyuma kushoto na kulia kuona kama mkono unaolibeba unacheza. Angalia oili inayovuja kwenye shokapu za mbele. Zungusha magurudumu, ukilinganisha rimu na fremu. Gonga spoku moja moja kwa spana, iliyolegea huitika kwa mlio mfu.

Usiondoke kabla hujaitazama shingo ya fremu, pale ambapo mabomba yanakutana chini ya usukani. Rangi mpya mahali hapo pekee, mshono wa kuchomelea usiofanana na mingine, au vile vizuizi vidogo vya usukani vilivyovunjika, ni alama za ajali kubwa ya mbele. Rudi hatua kumi nyuma, uchuchumae, utazame kama gurudumu la mbele na la nyuma yako kwenye mstari mmoja. Hapa sijadiliani bei. Injini mbovu hutengenezwa. Fremu iliyopinda itamtupa mtu siku moja.

Majaribio ya barabarani afanye fundi au mtu mwenye uzoefu, si wewe mwanafunzi. Ajaribu breki moja moja, aone kama gia ya pili inaruka, na akiwa kwenye gia ya juu kwa mwendo mdogo avute mafuta kwa nguvu: sauti ikipanda bila mwendo kupanda, sahani za klachi zinateleza.

Hatua ya saba: karatasi kabla ya fedha

Soma namba ya chasisi kwenye shingo ya fremu na namba ya injini ubavuni mwa injini, herufi kwa herufi, ukilinganisha na kadi ya usajili. Namba iliyokwaruzwa au kugongwa upya ni sababu ya kuondoka hapo hapo, kwa kuwa anayekamatwa na pikipiki ya wizi ni aliyeikalia. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, naye akuonyeshe kitambulisho chake. Ukiambiwa kadi iko kwa mkopeshaji, fedha zibaki mfukoni hadi deni lilipwe na kadi ionekane. Angalia madeni ya trafiki kwa namba ya usajili kupitia mfumo wa polisi, na uhalali wa bima kupitia mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, kisha ubadilishe umiliki katika mamlaka ya mapato, TRA, mara moja, kwa sababu pikipiki inayobaki na jina la mtu mwingine ina kesi mbili ndani yake, ya kwako na ya kwake. Zanzibar mnasajili kwa taratibu za huko, na Kenya umiliki huhamishwa kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, lakini ulinganishaji wa namba ni ule ule kila mahali.

Hatua ya nane: gawanya bajeti kabla hujaingia dukani

Ukiwa na fungu la fedha, ondoa sehemu moja ya tano kabla hujaanza kutafuta, na uihesabu kama haipo. Hiyo ni ya bima, usajili, kofia ngumu, viatu, glavu, koti na matengenezo ya kwanza. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya dereva wa pikipiki kufa katika ajali kwa takribani asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna kifaa kingine cha pikipiki chenye faida hiyo kwa bei hiyo, na bado nawaona watu wanaonunua redio na taa za rangi kabla yake.

Nunua ya kufunika uso mzima, mpya, yenye alama ya kiwango, kwa mfano herufi E ndani ya duara. Ivae dukani kwa dakika kumi: mashavu yabanwe kidogo, paji la uso lisiume. Funga mkanda, uinamishe kichwa, kisha mwenzako ajaribu kuivua kwa kuivuta nyuma kutoka chini. Ikitoka, ni kubwa. Kofia iliyowahi kuanguka nayo katika ajali haitumiki tena, kwa kuwa povu la ndani hujibana mara moja tu. Abiria wako anahitaji ya kwake yenye ubora ule ule. Viatu vifunike vifundo vya miguu, na suruali iwe nzito. Kandambili ziache nyumbani.

Hatua ya tisa: kilomita elfu moja za kwanza

Kwa kilomita 500 za mwanzo usipakie mtu. Pikipiki humbadilikia dereva ikiwa na abiria: uzito huenda nyuma, usukani huwa mwepesi, na umbali wa kusimama huongezeka. Anza na saa za asubuhi mapema, katika njia unazozijua, na mvua ya kwanza uiendee kwa makusudi, polepole, mahali pasipo na magari mengi. Ikiwa pikipiki ni mpya, usiivute hadi mwisho, wala usiende mwendo mmoja kwa muda mrefu. Fuata kitabu chake kuhusu oili ya kwanza, ambayo kwa nyingi hubadilishwa karibu na kilomita 500, kwa sababu ndiyo inayobeba vumbi la chuma la vyuma vinavyozoeana. Kaa hapo fundi anapoimwaga, uitazame ikishuka. Mwombe akaze boliti za injini, za magurudumu na za usukani, apime ulegevu wa cheni, ambao kwa pikipiki nyingi za kazi uwe sentimita 2 hadi 3 katikati, na akuonyeshe mkono kwa mkono namna ya kufanya hivyo wewe mwenyewe. Siku nyingine cheni itakapolegea barabarani, spana zinazofaa na dakika kumi zitakutosha.